Shaba za Laodikia katika Chumba cha Haizhu

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa karakana ya uhifadhi hapa Dar es Salaam wameniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi yangu. Najua walichotarajia: orodha ya dawa na vipimo vyake. Hiyo wanayo tayari, imebandikwa ukutani juu ya sinki kwa mwandiko wangu, na nusu yao hawaisomi. Kwa hiyo nitawaandikia kuhusu miaka tisa niliyokaa Guangzhou nikihudumia sarafu za shaba zilizopigwa na miji ya Dola ya Kirumi. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao haukuwa na la kusimuliwa.

Mimi ni mtu wa Songea. Nilikaa seminari miaka minane, nikajifunza Kilatini na Kigiriki, halafu nikaona upadri si wangu, nikatoka. Watu hudhani palikuwa na mwanamke. Palikuwa na kemia. Nikaifundisha sekondari kwa miaka mingi, mpaka nilipopata ufadhili wa kwenda China kusomea uhifadhi wa metali za kale. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Wanafunzi wenzangu kutoka Afrika Mashariki, ambao wengi wao walikuwa hawajafika ishirini na tano, waliniita Padri tangu wiki ya kwanza, na jina likanasa. Hata wafanyabiashara wetu walilipokea.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya elfu mbili, na Guangzhou ilikuwa inajengwa kwa haraka kiasi kwamba ukienda likizo mwezi mmoja, unarudi kukuta kituo chako cha basi kiko chini ya barabara nyingine. Watu wetu karibu wote walikuwa wa vitambaa, viatu, simu na vipuri. Nilipowaambia nashughulika na sarafu, walidhani nabadilisha fedha, na mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini dola leo ni ngapi.

Chuo kimoja wilayani Haizhu kilikuwa kimerithi mkusanyo wa marehemu mfanyabiashara wa hariri. Mzee huyo alinunua sarafu kwa posta, mojamoja, kutoka kwa wauzaji wa Ulaya, kwa miaka zaidi ya thelathini, akazitunza kwenye makopo ya chai. Chuo kilikuwa na mabingwa wa sarafu za Kichina, zile zenye tundu la mraba katikati. Mtu wa kusoma herufi za Kigiriki alikuwa mmoja tu, Liang laoshi, yaani Mwalimu Liang, mama mwembamba aliyekaribia kustaafu na ambaye macho yalikuwa yameanza kumchosha. Nilipomaliza masomo alisikia kuna Mwafrika mmoja aliyesoma Kigiriki kwa mapadri. Aliniita, akanipa kipande cha karatasi chenye maneno manane, nikayasoma, akasema nianze Jumatatu. Usaili wenyewe ulikuwa huo.

Kwa msiozijua sarafu hizi, niseme machache. Serikali ya Rumi ilipiga dhahabu na fedha za kutumika kila mahali. Chenji ya sokoni, hasa upande wa mashariki, ilipigwa na miji yenyewe, kwa shaba. Upande mmoja walimweka kaisari, kwa adabu. Upande wa pili waliweka chochote walichojivunia: mungu wao wa kike, hekalu, mto, hata chemchemi ya maji moto. Na jina la mji waliliandika kama mali ya wenyeji: ya Waefeso, ya Wasmirna. Nilipoyasoma majina hayo kwenye shaba kwa mara ya kwanza niliyarudia kwa sauti. Ni miji niliyosikia ikitajwa kanisani tangu nikiwa mtoto, Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia, na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba watu wake walikuwa wakinunua vitunguu.

Siku yangu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitu. Liang laoshi aliweka sarafu moja iliyochakaa juu ya kitambaa, akanipa penseli, akaniambia nichore. Nilichora mpaka saa sita mchana. Alipokuja akaniuliza naona nini.

"Naona mungu wa kike wa Efeso, na jina la mji," nikasema.

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekuuliza unaona nini."

Nikatazama tena. Nilichokuwa nikikiona hasa ni umbo la mtu aliyesimama, mikono imetandazwa, na herufi tatu ambazo mbili kati yake zingeweza kuwa kitu kingine. Nikamwambia hivyo. Akasema vizuri, kula, halafu rudi uchore upande wa pili. Alikuwa ananiita Xiao De, yaani De mdogo, kwa kuwa jina langu ni Deogratias na ulimi wake uliishia hapo. Kuitwa mdogo ukiwa na mvi mbili kidevuni si jambo baya.

Zana zetu zilikuwa za kawaida. Mizani ndogo, kipimo cha unene, lenzi ya mkononi, hadubini moja nzuri, brashi laini, maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, na vijiti vya kuchokolea meno. Msicheke vijiti. Mti ni laini kuliko shaba, hautaikwaruza, wakati sindano ya chuma itafanya uharibifu kabla hujapumua. Adui mkubwa alikuwa unyevu. Guangzhou ina wiki kadhaa kila mwaka, mwishoni mwa baridi, ambazo upepo wa kusini huleta hewa ya maji na kuta za nyumba hutokwa jasho. Shaba ya kale ikipata unyevu huo hutoa unga wa kijani hafifu, na unga ukianza hula sarafu mpaka ndani. Tulihitaji vitu vya kukausha hewa, na bajeti ya chuo haikuvijua.

Aliyetuokoa ni Bi Salma. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mwanamke wa makamo, mcha Mungu, mwenye kauli, aliyekuja kila miezi mitatu kununua vitambaa katika soko la Zhongda, si mbali na chumba chetu. Jumamosi nilikuwa namkalimania, naye alinilipa kwa chakula na maneno. Nilipomweleza shida yangu alisema, "Padri, wewe si unataka vile vipakti vya punje vinavyotiwa ndani ya maboksi ya viatu? Hivyo watu wanavitupa." Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko mzima, alioukusanya kwa Watanzania wote wa viatu anaowajua. Tulivikausha kwenye oveni ya maabara, tukavitia kwenye masanduku ya sarafu, na unga wa kijani ukasimama. Liang laoshi alimtumia Bi Salma chai ya zawadi. Bi Salma aliionja, akasema haina sukari wala tangawizi wala sababu.

Nisije nikaonekana sikukosea, nitaje la kwangu. Mwaka wa kwanza niliharibu sarafu ya Aleksandria. Nilitaka kuona maandishi yote, nikaendelea kusugua baada ya mahali pa kuacha, na ule ukoko wa kijani iliyokolea, ambao ni ngozi ya sarafu kwa miaka elfu na mia kadhaa, ukatoka. Ikabaki nyekundu kama bomba jipya la shaba. Liang laoshi aliitazama, akasema, "Sasa imekuwa mpya. Umejitahidi." Akanipa kadi ya kumbukumbu ya sarafu hiyo na kalamu, nikaandika kilichotokea, na nani alikifanya. Sikulala vizuri siku kadhaa. Lakini sijawahi tena kusugua kupita mahali pa kuacha, na ninyi mlionifanyia kazi mnajua nilivyokuwa nawakaba juu ya jambo hilo.

Sasa nije kwenye kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Katika mkusanyo ule kulikuwa na sarafu moja maarufu. Ilionyesha wanawake wawili wamevaa taji zenye umbo la ukuta wa mji, wameshikana mikono. Miji ya zamani ilikuwa na desturi ya kupiga sarafu kama hizo ikipatana baada ya ugomvi, au ikitaka kuonekana imepatana. Mwanamke mmoja alikuwa Laodikia. Wa pili, kwa mujibu wa maandishi, alikuwa mji mdogo wa bondeni ambao jina lake naliacha, lina herufi nyingi na halitawasaidia. Hakuna sarafu nyingine iliyojulikana kuonyesha kwamba miji hiyo miwili iliwahi kupatana. Liang laoshi ndiye aliyeigundua. Miaka kumi na miwili nyuma, mzee wa hariri akiwa hai, alikwenda nyumbani kwake, akaisoma kwa lenzi ya mkononi karibu na dirisha, kisha akaandika makala iliyochapishwa Ulaya. Mzee alifurahi mno, na kwa sababu ya makala ile aliuachia chuo mkusanyo wote.

Ikaamuliwa kufanya maonyesho, msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, wageni wa nje wanapojaa mjini. Picha ya sarafu ile ilichapishwa kwenye mabango. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza nakala za plasta za sarafu zote kwa ajili ya kitabu cha maonyesho. Plasta ni nyeupe, haina rangi ya kukudanganya, na macho hukaa kwenye umbo tu.

Siku ya Jumatano nilikuwa nazipanga nakala mezani nikaona kitu. Kwenye sarafu ile maarufu kulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, kutoka kwenye pindo la gauni la mwanamke wa kulia hadi ukingoni. Na kwenye sarafu nyingine, ya kawaida kabisa, iliyochakaa, ya mapatano ya Laodikia na Smirna, mstari huohuo ulikuwepo, na kona yake ileile.

Nieleze maana yake. Sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo, kati ya mihuri miwili iliyochongwa picha na maandishi. Muhuri ukichoka hupata ufa, na ufa huo huacha mstari ulioinuka kwenye kila sarafu itakayopigwa baada ya hapo. Sarafu mbili zenye ufa mmoja zimetoka kwenye muhuri mmoja. Na muhuri mmoja una maandishi mamoja. Hauwezi kusema Smirna hapa na mji mwingine pale.

Nilitafuta njia ya kumwokoa mwalimu wangu. Mafundi wa zamani walikuwa wakichonga upya mihuri yao mara nyingine, na nilitamani iwe hivyo. Nikaiweka sarafu yenyewe chini ya hadubini. Laodikia lilikuwa jina safi, herufi zake zimekaa juu ya uso kama kawaida. Jina la pili lilikuwa shimoni. Mtu, wa karne yetu au iliyopita, alikuwa amekwangua shaba kuzunguka herufi zilizofifia za Smirna, akachonga nyingine, kisha akapaka rangi ya kijani kuziba makovu. Alikuwa fundi hodari. Kwa lenzi ya mkononi, karibu na dirisha, hata mimi ningedanganyika.

Nilifunga hadubini nikaenda nyumbani. Alhamisi nilimsalimia Liang laoshi kama kawaida. Ijumaa vilevile. Nilijiambia nangoja niwe na hakika, lakini hakika nilikuwa nayo. Nilikuwa naogopa. Kibali changu cha kazi kilisainiwa na yeye kila mwaka, ingawa nikisema ukweli si hilo lililonifunga mdomo. Nilikuwa nimemwona akiwaonyesha wanafunzi sarafu ile. Mikono yake ilikuwa inabadilika, inakuwa myepesi kama ya msichana.

Jumamosi nilikwenda na Bi Salma Zhongda. Alikuwa anachagua kitambaa cha maua kwa mwenye duka mmoja, kijana wa Kikantoni ambaye yeye alimwita laoban, yaani bosi, kwa sauti ya kumbembeleza mjukuu. Kijana alimfungulia mwanzo wa jora. Bi Salma akasema hapana, lifunguliwe mpaka mwisho. Mezani pakajaa kitambaa. Karibu na mwisho kulikuwa na ua lililokosa jani, likijirudia kila baada ya dhiraa chache.

"Mashine imekatika jino," alisema. "Na majora yote ya mashine hii yatakuwa hivi."

Nikamuuliza, "Bi Salma, kama kitambaa umeshakisifu kwa watu, na mtu akaona kasoro baadaye, ungependa akwambie?"

Alinitazama juu ya miwani. "Hicho si kitambaa unachokisema, Padri."

"Hapana."

"Mimi kasoro nataka kuijua hapahapa, mzigo haujafika bandarini Huangpu kupakiwa. Mtu akinificha hapa kwa kunionea haya, kanipeleka nikaaibike Darajani mbele ya wateja wangu, peke yangu, naye hayupo. Huyo hakuniheshimu." Akakunja pindo la kitambaa. "Kesho Jumapili, nenda kanisani kwako. Keshokutwa kaseme."

Jumatatu asubuhi niliweka sarafu zote mbili na nakala zake za plasta kwenye meza ya Liang laoshi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya utangulizi, ya adabu, kwa Kichina kizuri. Sikuyatumia. Nilisema, "Mwalimu, naomba utazame ufa huu, halafu huu."

Alitazama nakala. Kisha akaenda kwenye hadubini. Alikaa pale karibu saa nzima. Nilisikia kitufe cha kusogeza lenzi tu, na mashine za ujenzi nje. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, sikujua ni kwa lenzi au kwa jingine.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Leo ni Jumatatu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umenisalimia asubuhi mbili ukiwa unajua."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuwa na furaha siku ile," alisema. "Mzee alinipikia chai mwenyewe. Niliona nilichotaka kuona. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mwingine hapa."

"Basi twende kwa mkurugenzi sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kutokwenda."

Mkurugenzi wa chuo alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema mabango yameshabandikwa, wageni wameshaalikwa, na familia ya marehemu itakaa mstari wa mbele. Akashauri maonyesho yaendelee kama yalivyo, na marekebisho yaandikwe baadaye, taratibu, mahali panapofaa.

"Mabango yaachwe," Liang laoshi alisema. "Picha si ya uongo. Sarafu ndivyo ilivyo. Tutakachobadilisha ni maelezo."

"Watu watasema ulikosea, Mwalimu Liang."

"Nilikosea. Wakisema hivyo watakuwa wamesoma vizuri."

Ikabishaniwa siku mbili. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa binti wa marehemu na kumweleza kila kitu. Binti akasema baba yake angetaka kuona huo ufa kwanza. Baada ya hapo mkurugenzi hakuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo sarafu iliwekwa katikati ya ukumbi kama ilivyopangwa, na pacha wake kando yake. Nyuma ya sarafu hizo tulitundika picha kubwa za nakala mbili za plasta, na maelezo yaliyosema kwamba herufi zilichongwa na fundi wa siku za karibuni, na kwamba Liang laoshi, aliyetia saini chini, alizisoma kama za kale. Hatukuuzungushia ufa alama. Tuliandika tu kwamba upo, na mtazamaji autafute. Watu walipita haraka kwenye makaisari wazuri kabisa, wakaenda kujazana pale. Wafanyabiashara waliotoka Pazhou na vitambulisho vyao shingoni waliinamisha vichwa pamoja na wanafunzi. Bi Salma alikuja siku ya tatu, akasimama hatua mbili nyuma ya kila mtu, akasema kwa Kiswahili, "Mashine moja hiyo, kwenye pindo," akaenda kutafuta mahali pa kukaa.

Liang laoshi alisimama kando ya kabati lile kila alasiri, akijibu maswali. Nilimwangalia sana. Mikono ilikuwa inabadilika vilevile kama zamani.

Maonyesho yalipokwisha tuliandika makala ya marekebisho. Aliweka jina langu mbele ya lake. Nilipopinga alisema aliyeona ndiye anayetangulia, na hakutaka mjadala. Jarida lilipotoka, ilikuja barua kutoka kwa profesa mmoja mzee wa Ulaya, bingwa wa sarafu za miji ya Asia Ndogo, mtu ambaye vitabu vyake tulivitumia kila siku. Alitupongeza. Kisha akakiri kwamba yeye aliitilia shaka sarafu ile tangu alipoona picha yake mara ya kwanza. Alikaa kimya, barua ilisema, kwa heshima, maana alijua Liang laoshi anafanya kazi peke yake, mbali, na makala yake ilikuwa na furaha ambayo hakutaka kuivuruga.

Liang laoshi aliisoma, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Mtu ana jibu mfukoni miaka kumi na miwili, na ananiandikia kadi za mwaka mpya."

Nilidhani amekasirika. Labda alikuwa amekasirika kweli, kwa dakika kama tano hivi. Halafu akanivutia karatasi.

"Mjibu. Mwambie asante. Kisha mwambie kuna sarafu nyingine tatu za mkusanyo huu nilizoziandikia, na namwomba azitilie shaka upesi, kwa maandishi, kwa sababu nastaafu mwezi wa saba."

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Kurasa kumi na moja, ubishi mtupu, hakuna sentensi ya kumbembeleza mtu. Liang laoshi alizisoma zote akiwa amesimama dirishani, na nilimsikia akicheka peke yake mara mbili. Alipomaliza aliketi, akawasha taa ya hadubini, akaniambia nimletee ya kwanza kati ya zile tatu.